Mwanangu Alinizuia Mlangoni



Wazazi wenzangu, nimeombwa zaidi ya mara moja niandike juu ya kujitolea, kwa sababu mtaani kwetu Kimisagara nimepata sifa ya kuwa mama mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Kila nilipoombwa nilikwepa. Mara nilisema nina shughuli, mara nilisema macho hayanisaidii siku hizi. Ukweli ni kwamba sifa hiyo niliipata kwa njia ambayo sijapata kuieleza mbele ya watu. Anayeijua ni mwanangu wa kwanza peke yake, na yeye hajamwambia mtu. Nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimekula sifa isiyo yangu mpaka kaburini, basi leo naieleza.

Kazi yangu ni kuuza nyanya. Wakati wa habari hii nilikuwa na meza katika soko la vyakula la Nyabugogo, lile tulilolizoea kwa jina la Kwa Mutangana. Kwa msomaji aliye mbali niseme kwamba Nyabugogo ni mlango wa Kigali. Gare kubwa ya mabasi iko pale. Ukitaka kwenda Huye, Musanze, Rubavu au Rusizi, au kuvuka mpaka kwenda Kampala, unapandia pale. Ni bondeni, mto Nyabugogo unapita kando, na vilima vya Kimisagara, Muhima na Gatsata vimelizunguka bonde kama watu waliokaa kuzunguka sinia. Alfajiri malori yanashusha vyakula, makarani-ngufu wanapishana na magunia vichwani, wazunguzaji wamejaza viatu mikononi huku jicho moja linamtafuta askari. Watu husema Nyabugogo hakuna cha bure, hata kuulizia basi kuna bei yake. Si kweli kabisa. Nimemwona karani-ngufu akimbebea bibi kizee ndoo ya maharage mpaka ndani ya basi, akakataa faranga mia aliyopewa. Ila pia nimemwona mwingine akibeba ndoo kama ile akapotea nayo, na bibi wa watu akabaki anazunguka gare nzima analia.

Sasa nije kwenye habari yenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Rwanda tarehe 14 Machi 2020, na wiki moja baadaye, tarehe 21, tukaamriwa kubaki majumbani. Guma mu rugo, hayo ndiyo maneno tuliyoyasikia asubuhi na jioni. Misikiti ilikuwa imeshafungwa. Gare ikawa kimya, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu utoto wangu. Soko la vyakula halikufungwa kabisa kwa kuwa watu lazima wale, lakini wauzaji tulipunguzwa tukawa nusu, tunapeana zamu, leo hawa na kesho wale.

Mume wangu ni dereva wa basi la Huye. Basi likalala. Hata amri zilipolegezwa tarehe 4 Mei, mabasi ya kutoka mkoa hadi mkoa hayakuruhusiwa mpaka mwezi wa Juni. Kwa hiyo meza yangu ya nyanya, siku moja kwa zamu na siku moja bila zamu, ndiyo ikawa inamlisha mume, watoto wanne, mama mkwe na mimi mwenyewe. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na meza yoyote. Tangu mwisho wa Machi viongozi wa mitaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kugawa unga, mchele na maharage kwa wale ambao riziki yao ni ya kutwa. Sisi hatukuandikwa kwa sababu ya meza yangu, na nakiri kwamba jambo hilo lilinichoma.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 22. Kabla ya hapo alikuwa akijifunza kutengeneza simu kwenye kibanda kimoja karibu na gare. Kibanda kilipofungwa alikaa nyumbani siku tatu, siku ya nne akaniambia amejiandikisha na vijana wa kujitolea. Vijana hawa, urubyiruko rw'abakorerabushake, walikuwepo tangu 2013 wakishirikiana na polisi katika mambo ya usalama wa mitaa, lakini mwaka ule wa korona ndipo kila mtu alipowafahamu. Walivaa vizibao vya kung'aa, wakasimama kwenye milango ya masoko, kwenye vituo vya mabasi na penye mabomba ya kunawia, wakiwaambia watu wanawe, waachane nafasi ya mita moja, wavae barakoa vizuri. Watu wakawatukana. Mshahara hawakuwa nao.

Nilimuuliza, "Mwanangu, unalipwa nini huko?"

Akasema, "Hakuna, mama."

"Na nyumba hii unaiona?"

"Naiona, mama."

Nikamwambia mwenye njaa hajitolei, anajitolea aliyeshiba. Baba yake akasema mwache, kijana akikaa bure nyumbani ataharibika. Nikamwacha, lakini moyoni sikumwacha. Kila alipotoka asubuhi na kizibao chake nilikuwa nahesabu. Nguvu zile angebeba matenga yangu, na mimi ningeokoa pesa ya karani-ngufu. Miguu ile ingeweza kuzunguka na nyanya nyumba kwa nyumba kule juu mlimani. Mtoto wangu mwenyewe niligeuza hesabu, na sikuona ubaya wowote, maana nilijiambia ni kwa ajili ya nyumba.

Likaja kumi la mwisho la Ramadhani. Jioni moja nilinunua matenga mawili ya nyanya kwa bei nzuri kutoka kwa mtu aliyekuwa anataka kuondoka haraka. Zilikuwa zimeiva sana, ndiyo maana zilikuwa na bei nzuri, nilijua hivyo wakati nazinunua. Zamu yangu ilikuwa siku ya kesho kutwa. Nilitia pesa zote, pamoja na zile nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya sukari na nguo za Idi za wadogo. Usiku nilizigusa nikaona hazitangoja kesho kutwa. Baada ya daku nikaamka, nikamwita karani-ngufu jirani yetu, tukashuka naye Nyabugogo kukiwa bado giza. Nilikuwa nimepanga kuingia pamoja na watu wa zamu nyingine. Wengine walikuwa wanafanya hivyo, nasema kweli, siku moja hapa na siku moja pale, na hakuna aliyekufa.

Tulipofika mlangoni nikamwona mwanangu amesimama pale na karatasi ya majina.

Nilifurahi. Naomba mnielewe hapa, maana ndipo penye jambo. Sikusema moyoni "lo, mwanangu ataniona". Nilisema "alhamdulillah, leo kizibao kile kitatufaa". Kwa wiki saba nilikuwa nimelalamika kwamba kujitolea kwake hakuleti kitu nyumbani, na sasa niliona kitu.

Akanisalimia, "Assalaam alaykum mama."

Nikamwitikia, nikamwambia, "Nipishe niingie haraka."

Akatazama karatasi, ingawa alijua vizuri kilichoandikwa. "Mama, zamu yako ni kesho."

"Zamu yangu naijua. Nyanya zinaoza. Nipishe."

"Siwezi, mama."

Nyuma yangu palikuwa na foleni. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kabichi akacheka, akasema leo tutaona kama sheria inazaa au haizai. Karani-ngufu akatua matenga chini, maana alishaona. Mwanangu akanisogelea kidogo, si sana, kwa ile mita yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nikikupitisha wewe, huyu aliye nyuma yako nitamwambia nini?"

Nilimjibu kwa Kinyarwanda, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Nilimwambia hao unaowalinda wakulishe jioni. Kisha nikageuka, nikampandisha karani-ngufu mlima na matenga yale yale, na nikamlipa mara mbili.

Nyumbani nikamwaga nyanya kwenye mkeka barazani nikaanza kuzichambua. Nzima huku, zilizolegea huku, zilizopasuka kwenye ndoo. Zilizolegea zikawa nyingi kuliko nilivyofikiri. Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuwa nalia kwa ajili ya nyanya peke yake. Wakati huo akapita jirani yangu ambaye ni mjumbe wa afya wa mudugudu wetu. Akasimama nje ya ua akiwa na barakoa yake, akaona chungu zile tatu, akauliza, "Dada, unagawa?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Kwa nini nilisema ndiyo? Kwa sababu niliona haya kumwambia kwamba nimenunua nyanya mbovu kwa tamaa, kwamba nimejaribu kuingia sokoni bila zamu, na kwamba aliyenirudisha ni mtoto niliyemzaa. Neno "ndiyo" lilikuwa fupi kuliko hayo yote. Na nikaongeza, hilo ndilo linaloniuma zaidi, nikaongeza, "Nimeona watu wana shida, na huu ni mwezi mtukufu."

Mjumbe wa afya anazijua nyumba zote. Hazikupita saa mbili wakaanza kuja watoto na mabakuli, mmoja mmoja, kila mmoja ametumwa. Alikuja pia bibi mmoja mjane anayekaa peke yake na mjukuu wake karibu na mfereji. Nikamjazia sufuria ndogo. Akainua mikono akaniombea dua ndefu, akawaombea na watoto wangu, akamtaja mwanangu mkubwa kwa jina. Mimi nikasema amin.

Jioni ile nilipika uji, viazi vitamu na maharage, na nyanya humo tele. Mwanangu akaingia dakika chache kabla ya magharibi. Alikuwa amefunga, amesimama juani kutwa nzima, midomo imekauka. Akakaa mahali pake. Adhana ilipotoka kwenye simu nikagawa mabakuli. Niligawa matano, na langu la sita. Yeye sikumpa.

Mama mkwe alitazama bakuli lake, akatazama mahali pa mjukuu wake, akamsogezea nusu. Mume wangu hakusema kitu. Mwanangu alikunywa maji, akala tende moja, akainuka kwenda kuswali na baba yake. Hakuligusa bakuli la bibi yake. Na mama mkwe, masikini, katika kutafuta neno la kutuliza nyumba, akasema, "Leo mama yenu amefanya jambo kubwa, amegawa nyanya mtaa mzima kwa ajili ya Mungu." Mwanangu akanitazama. Alikuwa anajua matenga yale yalitoka wapi asubuhi na yalirudije. Angesema neno moja tu. Akasema, "Mashaallah, mama," akatandika mswala.

Usiku, baada ya tarawehe tulizokuwa tukiswali sebuleni, nilimfuata nje. Sikwenda kumwomba msamaha. Nilikwenda kumalizia. Nilimwambia asinidanganye kwamba anajitolea, anatafuta kuonekana na wakubwa ili wampe kazi. Nilifikiri atakana.

Akasema, "Ni kweli, mama. Natafuta kazi. Wakubwa wanapita pale, huenda siku moja mmoja akanikumbuka. Nilimwambia baba hivyo tangu siku ya kwanza." Akanyamaza kidogo. "Lakini asubuhi pale mlangoni, kama ningekuwa nafuata faida yangu, ningekupitisha. Wewe ndiye unayenilisha."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Huenda kwako msomaji ni maneno ya kawaida. Mimi yalinipiga kwa sababu nilikuwa na mizani moja tu kichwani. Mwenye kufanya kwa ajili ya Mungu huku, mwenye kufanya kwa ajili ya nafsi yake huku, na yeye nilishamweka upande wa pili. Kumbe mtu anaweza kutamani kazi, akatamani kuonekana, na bado likafika jambo moja ambapo matamanio yake yote yanamvuta upande mmoja naye akasimama upande mwingine. Na mtu mwingine anaweza kugawa matenga ya nyanya mtaa mzima na pasiwe na chembe moja aliyoitoa. Tunasoma Suratul Maauni katika swala zetu karibu kila siku, kwa sababu ni fupi, na pale wametajwa wenye kujionyesha pamoja na wenye kuzuia msaada mdogo. Nilikuwa nimeyafanya yote mawili siku moja, la kwanza adhuhuri na la pili magharibi, tena nikiwa na saumu.

Asubuhi nilimwekea daku yeye wa kwanza. Alikula. Katika nyumba yetu hiyo ndiyo ilikuwa msamaha, maneno yalikuja baadaye sana.

Baada ya Idi nilimuuliza yule jirani yangu mjumbe wa afya, bila kumweleza yangu, kwa nini yeye anafanya kazi ile. Wajumbe wa afya, abajyanama b'ubuzima, wako nchi nzima, zaidi ya arobaini elfu, kila mudugudu una wake, na huchaguliwa na majirani zao. Huyu wetu anapima malaria na kutoa dawa, anawaangalia watoto wadogo wakiharisha au wakipumua kwa shida, anagongewa usiku. Mshahara hana. Wana vyama vyao vya ushirika, na serikali inavipa fedha kulingana na kazi iliyofanyika, basi mara moja moja kuna kitu kinachoingia, kwa wengine mradi wa kufuga, kwa wengine wa kulima. Kuna wanaosema kwamba hapo pesa imeshaingia, hivyo si kujitolea tena. Mimi siafikiani nao. Mtu anayeamshwa saa nane za usiku na mtoto wa jirani, akipata sehemu ya faida ya nguruwe au ya mbuzi wa ushirika mwisho wa mwaka (sisi Waislamu tunaomba wawe mbuzi), hajauza usingizi wake kwa bei hiyo. Hakuna anayeuza usingizi kwa bei hiyo.

Yeye mwenyewe alinijibu kwa urahisi zaidi. Alisema, "Dada, nikitoka usiku natoka nikijua na wangu ataugua. Na napenda watu waniite, nikipita waseme huyu ndiye. Ukiniambia nisubiri mpaka moyo wangu uwe safi ndipo nitoke, mtoto wa watu atakufa."

Kuna jambo lingine linalonisumbua, nalo ni umuganda. Sheria yetu ya mwaka 2007 inasema kila mwenye umri wa miaka 18 mpaka 65 atoke kufanya kazi za pamoja, na asiyetoka bila sababu ana faini isiyozidi faranga 5,000. Siku ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, isipokuwa ndugu zetu Waadventista Wasabato ambao hufanya yao Jumapili. Watu wengi huniuliza, kitu chenye faini kinaitwaje kujitolea? Swali hilo ni zuri, na sina haraka ya kulifukuza. Najua wanaokuja saa nne na nusu na jembe jipya lisilo na udongo, wasikilize mkutano tu na kuonekana. Nimewahi kuwa mmoja wao.

Lakini hapa kwetu Kimisagara umuganda una mfereji wa Mpazi. Maji ya mvua ya Nyamirambo na Kimisagara hukusanyika Mpazi, yanashuka kwa kasi mpaka Nyabugogo, na takataka zikiziba, maduka ya chini yanaingia maji. Kwa miaka mingi mafuriko ya Nyabugogo yamebeba bidhaa za watu. Anayetupa mfuko wake mfereji ukiwa juu hapotezi kitu. Anayepoteza ni muuza viatu wa bondeni ambaye hamjui. Mimi nalala juu na nauza chini, kwa hiyo nikitoa takataka Mpazi sijui kama natoka kwa ajili ya jirani au kwa ajili ya meza yangu. Wengi wenu mnaijua hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ya watu wa merikebu, wa juu na wa chini. Zamani nilidhani mafunzo yake ni kwa wale wa chini peke yao, wasitoboe. Siku hizi nikiisikia nawafikiria zaidi wale wa juu, waliokuwa na maji na hawakutaka kusumbuliwa.

Hata hivyo, nisionekane kama nasema kila kazi ya pamoja ina baraka. Sisi wa nchi hii tunajua. Mwaka 1994 waliokwenda kuua waliiita kazi, wakaitana kama wanavyoitana watu kwenda umuganda, wakafyeka vichaka ambamo watu walikuwa wamejificha. Nao walikuwa na faida yao, mabati ya jirani, ng'ombe, shamba. Na katika siku zile zile, Biryogo na Nyamirambo, walikuwepo Waislamu waliofungia majirani zao ndani ya nyumba zao, jambo ambalo halikuwa na malipo isipokuwa kuhatarisha watoto wao wenyewe. Wapo pia Waislamu waliofanya mabaya, tusijisafishe. Ninachosema ni kwamba aliyekataa kwenda kwenye "kazi" ile alionekana mvivu, tena msaliti. Kujitolea ni kwa nani na dhidi ya nani, swali hilo kwetu halijawahi kuwa la darasani.

Tarehe 17 Agosti 2020 soko letu la Nyabugogo lilifungwa pamoja na lile la Nyarugenge mjini, kwa sababu ya maambukizi yaliyopatikana humo. Jioni ile mume wangu alinikuta barazani nimekaa na mkeka mtupu. Alifikiri nasikitikia biashara. Nilikuwa nakumbuka mlango, foleni, yule mwanamke wa kabichi, na ile mita moja ambayo mwanangu aliniachia akizungumza na mama yake.

Ile kazi aliyoitamani hakuipata. Wakubwa waliopita pale hawakumkumbuka. Kibanda kilipofunguliwa alirudi kwenye simu zake, na sasa ana kibanda chake mwenyewe, anatengeneza vizuri, anatoza bei ya Nyabugogo. Kizibao kipo kabatini, anakichukua wakiitwa. Sikuwahi kumuuliza tena analipwa nini.

Mimi nyanya naziuza bado, na sifa yangu inaendelea kukua bila mimi kuifanyia kazi. Kila Ramadhani hupita watoto na mabakuli kwa sababu wamezoea, na mimi huwajazia, sasa nyanya nzima, kwa sababu gani sijui, huenda kwa haya tu. Mwanangu akiwa nyumbani hunitazama akicheka.

Yule bibi mjane bado yu hai, kila tukikutana njiani huinua mikono na kurudia dua ile ile, na mimi husema amin na kuharakisha. Yeye hasomi, lakini mjukuu wake najua anasoma kurasa hizi. Mwanangu, ukifika hapa, msomee bibi polepole, usiruke pale mlangoni wala pale kwenye futari. Mwambie nitapita baada ya swala ya Ijumaa, na sitaleta nyanya.

Wassalaamu alaykum.